Goti la klachi: nilivyoacha lori kabla ya wakati

Ilikuwa Mokowe, pwani ya Kenya, mwaka 2017, jua la saa nane mchana. Nilikuwa nimetoka Malindi na saruji ya kuvushwa kwa boti kwenda Lamu kisiwani, nimelala Garsen kungoja msafara wa kusindikizwa na polisi, na nimechoka. Nikafungua mlango wa kabini nikaruka chini, kama nilivyozoea kwa miaka 22. Mguu wa kushoto ulitua juu ya jiwe, mwili ukageuka, goti likalia "ko!"

Utingo wangu akaja mbio. "Mzee, umeumia?"

"Nimeteleza tu. Anza kufungua turubai."

Jibu hilo ndilo lililonila pesa nyingi kuliko ajali yoyote niliyowahi kupata barabarani, na ndilo lililonifanya niandike haya. Goti nadhani lingeharibika hata hivyo, leo au kesho. Kilichonimaliza ni kuficha.

Dereva mwenzangu anajua kwa nini nilificha. Tulikuwa tunalipwa mshahara mdogo na mileji, yaani pesa za kilomita ulizoendesha. Gari lisipotembea, nyumbani hakuingii kitu. Na ukisema goti linauma, kesho funguo anapewa kijana aliyekuwa akingoja getini tangu mwezi uliopita. Kwa hiyo nikanunua diklofenaki, vidonge vya maumivu, nikafunga goti kwa bendeji chini ya suruali, nikaendelea. Mokowe, Marereni kupakia chumvi, Mombasa, kurudi. Hata mama watoto nilimwambia ni baridi tu.

Sisi madereva tunaelewa magari kuliko miili yetu, kwa hiyo nitaeleza kwa lugha ya gereji. Kati ya mifupa ya goti kuna gegedu, na hiyo ndiyo bushi yako. Bushi ikiisha, chuma husuguana na chuma, na kila tuta utalisikia. Tofauti ni kwamba bushi ya gari tunaagiza, ya goti haiji kwa urahisi hivyo. Sasa fikiria foleni ya Mariakani, kwenye mizani ya kupimia malori: unakanyaga klachi, unasogea urefu wa gari moja, unasimama, unakanyaga tena, mpaka asubuhi. Goti la kushoto ndilo linalolipa. Juu ya hapo weka mtikisiko wa injini na barabara unaopanda kutoka kwenye kiti mpaka shingoni mchana kutwa. Barabara ya Garsen kwenda Witu kabla ya lami ilikuwa ikinitoa kwenye kiti, na kiti chenyewe kilikuwa sponji iliyolala, nimeipachika gunia lililokunjwa. Kama lori lako lina kiti cha upepo, kile kinachobebwa na hewa, jifunze kukirekebisha. Nimeona vijana wanaendesha magari mapya na kiti kimebaki vile alivyokiacha dereva wa kwanza. Ukiikanyaga klachi mpaka mwisho, goti libaki limekunjika kidogo. Likinyooka kabisa, uko mbali mno. Na pochi itoe mfuko wa nyuma, inakukalisha upande mmoja safari nzima.

Lakini kama una nafasi ya kukumbuka jambo moja tu la mwili, kumbuka kushuka. Umewahi kumtazama mgema akishuka mnazi? Uso kwenye mti, mkono hauachii mpaka mguu umepata kata. Hata siku moja hutamwona akiruka, na yeye hana bima. Lori lina ngazi na vishikio. Geuka uso ndani, mikono miwili na mguu mmoja, au miguu miwili na mkono mmoja, viwe vimeshika wakati wote. Ukishafika chini, tembea kidogo kabla ya kushika kamba au gunia. Mgongo uliokaa saa nne mfululizo si mgongo wa kubebea kitu papo hapo. Niliwaona wenzangu wawili wakikwama kiuno hivyo hivyo, wameshuka tu na kuinamia tairi.

Uzito nao. Nilikuwa na kilo 104, kwa chapati za usiku na soda za kunizuia nisisinzie. Daktari aliniambia kila kilo moja unayopunguza, goti linapunguziwa mzigo wa kama kilo nne kwa kila hatua. Hesabu hiyo dereva anaielewa haraka, maana mizani tumeizoea. Nimeshuka hadi 91, si kwa ushujaa, ni kwa kuwa nyumbani sina pa kununua chapati saa saba za usiku.

Kuhusu dawa nitakuwa mkali. Diklofenaki nilizimeza kama njugu, mara nyingi tumbo tupu, miraa shavuni. Miraa inakuua njaa na dawa inakuchubua tumbo, na wewe unaona uko sawa. Siku moja nikaenda chooni nikaona choo cheusi kama lami. Hiyo ni damu kutoka tumboni, mwenzangu. Ukiiona usingoje kumaliza safari, nenda hospitali. Dawa hizo pia hupandisha presha na kuumiza figo, na maduka tunayonunulia hawakuulizi una presha au huna. Wakandaji siwakatai. Kuna bibi mmoja wa mtaa wa Barani alinikanda kwa mafuta ya nazi na mgongo ukalegea kweli. Ila goti lililovimba na lenye moto usimpe mtu alivute, akikuambia "limetoka mahali pake" mshukuru, mlipe chai yake, uende zako kwa daktari.

Nilipokwenda hatimaye, eksirei haikuonyesha kitu cha ajabu. Nikafurahi, kumbe eksirei inaonyesha mifupa, gegedu lililochanika haionyeshi. Kipimo cha MRI, picha inayoonyesha mpaka gegedu, nilifanyiwa Mombasa ndipo likaonekana. Daktari akaniuliza liliumia lini. Nikasema, Mokowe, mwaka jana. Akauliza, uliandikisha?

Hapo ndipo nilipokaa kimya.

Kenya tuna sheria ya fidia ya majeraha kazini, ya mwaka 2007, watu wanaiita WIBA. Ukiumia ukiwa kazini, hata kwa kushuka kwenye lori lililosimama, ni ajali ya kazi. Mwajiri anatakiwa kuipeleka taarifa kwa ofisi ya usalama kazini, daktari anapima ulemavu wako ni asilimia ngapi, na fidia ya ulemavu wa kudumu inahesabiwa kutoka kwenye mapato ya miezi 96 kulingana na asilimia hiyo. Ila madai yana muda: miezi 12 tangu siku ya ajali. Mimi nilikuwa kwenye mwezi wa 14. Na hata ningewahi, ushahidi wangu ungekuwa nini? Nilishamwambia shahidi wangu wa pekee kwamba nimeteleza tu.

Basi siku ukiumia, hata kama unaendelea kuendesha, mwambie mwajiri kwa ujumbe wa simu. Ujumbe una tarehe na saa. "Leo Mokowe nimeumia goti nikishuka, naenda kliniki." Usiufute. Pita kliniki yoyote ya karibu uandikiwe, karatasi ibaki nyumbani, si kwenye kabini. Karatasi za malipo ya mileji nazo zitunze, kwa sababu fidia inahesabiwa kwa mapato, na mwenye mshahara wa karatasi wa elfu chache atahesabiwa hizo chache. Najua utasema utafukuzwa. Huenda. Mimi niliyenyamaza nilikaa kazini mwaka mmoja na ushei tu, nikatoka mikono mitupu.

Nikaacha kazi Desemba 2018, miaka 49. Nikaenda NSSF, mfuko wa pensheni tunaochangia kazini, nikijua nina changu. Pensheni ya kawaida ni miaka 60, ya mapema inaanzia 50, kwa hiyo nilikuwa na miezi ya kungoja. Ipo ya ulemavu isiyongoja umri, ila hiyo ni ya mtu asiyeweza kazi tena, na mimi nilikuwa nimechechemea mwenyewe mpaka dirishani. Jambo lililonichoma si kungoja. Taarifa ya michango ilikuwa na mapengo: miezi kadhaa nilikatwa pesa kwenye mshahara na hazikuonekana kufika. Nilifuatilia, nyingine zikapatikana, nyingine mpaka leo ni hadithi. Angalia michango yako kila baada ya miezi michache, ungali kazini na mwajiri bado anapokea simu yako. SHIF, bima ya afya ya serikali, pia hakikisha inalipwa, MRI si bei ya samaki.

Sasa goti likoje? Linatabirika. Mtaalamu wa tiba ya viungo alinipa zoezi la kukaa kitini na kunyoosha mguu, kuuinua polepole, ili msuli wa paja ubebe kazi ya goti. Linachosha kwa upuuzi wake, lakini linasaidia. Asubuhi naingia baharini, maji kifuani, natembea. Maji yanabeba mwili. Mto Sabaki ukifurika na bahari ikawa nyekundu kwa tope, natembea mchangani tu, ule mgumu wa maji kupwa.

Nina kibanda cha vipuri njia ya kuelekea Gongoni. Juzi alisimama kijana na trela la chumvi, anataka bushi za nyuma. Akafungua mlango, akaruka, akatua na kujikunyata kidogo, mkono kiunoni.

"Mwanangu," nikamwambia, "bushi zipo. Lakini panda tena, ushuke vizuri, ndipo nikuuzie."

Akadhani natania. Nikamngoja mpaka akapanda.