Kibonge kigumu bado kinaweza kuvujisha sesiamu

Vijana wanaoingia kazi hii ya kufungia udongo wenye mionzi ndani ya saruji hapa Kisumu na Nakuru wana bidii, lakini kila kundi hurudia kosa moja: udongo wenye sesiamu-137 (elementi yenye mionzi) unatiwa kwenye mixa, saruji inamwagwa, kibonge kinaiva siku 28, mashine ya kubana inayopima ugumu inasoma zaidi ya megapaskali 3.45, na ripoti inaandikwa "salama". Jamani, tuelewane.

1. Saruji pekee haiishiki sesiamu. Maji yaliyobaki ndani ya vitundu vyake yamejaa potasiamu na sodiamu, na sesiamu hubaki ikielea humo, ikingoja maji ya nje. (Strontiamu-90, nayo ya mionzi, ina afadhali, maana inafanana na kalisi iliyomo kwenye saruji.) Kwa hiyo tia zeolaiti kwanza, yaani madini yenye nafasi ndogo ndogo zinazoishika sesiamu: udongo uwe na unyevu, anza majaribio kwa asilimia 5 na 10 ya uzito wa udongo mkavu, changanya, ulaze hadi kesho yake, ndipo saruji iingie. Ukivitia vyote kwa pamoja, potasiamu ya saruji itawahi nafasi kabla ya sesiamu, na zeolaiti yako, ghali ilivyo, itakuwa mchanga tu.

Na msiniambie udongo mweusi wa nyanda za Kano, karibu na Kisumu, ni mfinyanzi, utajishikia wenyewe. Huo umejaa smektaiti, aina ya mfinyanzi: unavimba mvua ikinyesha, unapasuka kiangazi, na sesiamu hutoka humo kwa urahisi. Mfinyanzi unaoibana kweli ni aina nyingine, ilaiti, kwenye kingo za tabaka zake zilizochakaa. Hata hapo amonia ya mbolea huweza kuing'oa, kwa hiyo ulizeni shamba lilitiwa CAN au DAP lini. Amonia hiyo hiyo ikikutana na saruji hugeuka gesi; changanyieni penye hewa.

2. Pimeni unyevu kwa kukausha sampuli nyuzi 105 kabla ya kuongeza maji. Kilo 100 za udongo wenye unyevu wa asilimia 30 ya uzito mkavu tayari zimebeba kilo 23 za maji. Maji ya ziada huacha vitundu, na vitundu ndiyo njia ya kuvujia.

3. Jaribio la kuvuja, yaani kuloweka kibonge na kupima kinachotoka, lifanyike kwa maji yaliyoondolewa madini. Ya bomba au ya ziwa yana chumvi zake, yatawapa namba isiyo na maana.

4. Jifunzeni kwa sesiamu isiyo na mionzi, ila kidogo sana. Gramu moja ya sesiamu-137 ina mionzi mikali mno, terabekereli 3.2, kwa hiyo uchafu halisi hupimwa kwa mikrogramu. Mkimwaga gramu nzima mtajaza nafasi zote, na mchanganyiko mzuri utaonekana mbovu.

5. Nakuru, nyunyizieni kabla ya kuchimba. Majivu ya volkeno hupeperuka, na vumbi lenye mionzi lililovutwa mapafuni halioshwi kwa sabuni.

6. Pipa lisipakiwe kwenda Oloolua, kwenye kituo cha taifa cha taka za mionzi, kabla ya kibali cha KNRA, mamlaka ya Kenya ya kudhibiti nyuklia, na matokeo ya kuvuja yaandamane nalo, pamoja na uwiano wa kila mchanganyiko na tarehe ulipomwagwa.