Shangazi, naitwa mzembe kazini

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 29, ni karani wa masijala katika ofisi moja hapa Dodoma. Tangu utoto naangusha vitu, najikwaa kwenye sakafu tupu, mwandiko wangu hausomeki. Juzi nimemwagia chai jalada la mtu, bosi akaniita mzembe mbele ya wenzangu. Mume wangu anasema nikiwa makini yataisha. Nimesoma kwenye simu kuhusu dispraksia nikalia, maana ni mimi mtupu. Niache kazi?*
*Mama wa Nkuhungu*

Marahaba mwanangu. Kazi usiache.

Nilifundisha shule ya msingi Kongwa miaka mingi. Darasani kwangu alikuwepo mtoto aliyejibu hesabu za kichwa kabla sijamaliza kuuliza, lakini daftari lake ungedhani kuku kapita juu yake. Nilimchapa, nikiamini anafanya makusudi. Barua yako nimeisoma mara tatu nikimwona yeye, na leo sijui nitampata wapi nimwombe radhi. Basi acha nikwambie wewe: huo si uzembe.

Dispraksia huanza utotoni. Unajua unachotaka kufanya na mkono una nguvu, ila ubongo unapata taabu kuupanga mwendo wenyewe. Wanachofanya wenzako bila kufikiri, wewe unakifikiria hatua kwa hatua, ndiyo maana jioni unarudi hoi kama mtu aliyeshinda shambani. Inakadiriwa watoto 5 hadi 6 katika kila 100 wa umri wa shule wanayo, na wengi huingia nayo utu uzimani. Haipunguzi akili, haina dawa ya kumeza, na hakuna aliyekuroga.

Mumeo amesema kwa nia njema, lakini umakini unao tayari, tena umekuzidi. Ukiharakishwa na kukodolewa macho ndipo mkono unapotea kabisa. Tuupange upya utaratibu wa kazi yako.

Chukua mfano wa kufunga karatasi kwenye jalada kwa kamba. Nadhani karatasi umezishika hewani kwa mkono mmoja, mwingine unatafuta tundu, na bosi kasimama mlangoni. Ziweke mezani. Zigonge ukingoni mpaka zilingane, weka kitu kizito juu yake, upande wenye matundu utokeze kidogo nje ya meza, kisha pitisha kamba kutoka chini. Fanya hivyo hivyo kila siku, usibadilishe mpangilio, mpaka mkono uzoee. Majalada kumi kifuani kwenye ngazi, hapana: nenda safari mbili, mkono mmoja ushike ukuta. Chai isikae meza moja na majalada, na kikombe kiwe na mfuniko.

Bosi mwone faragha, asubuhi kabla wateja hawajajaa. Usiende kuomba huruma. Mwambie: "Mkuu, tangu utoto nina shida ya kuratibu mikono. Nikijaza rejista kwenye kompyuta, na nikipewa kazi moja moja, makosa yatapungua." Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumbagua mfanyakazi kwa ulemavu, ila hiyo iweke akibani, anza kwa mazungumzo.

Lakini simu haipimi mtu. Nenda hospitali ya rufaa hapo mjini, uliza mtaalamu wa tiba kwa vitendo, yule anayemfundisha mgonjwa wa kiharusi kushika kijiko na kufunga vifungo upya. Hawapo wengi nchini, wanafunzwa hospitali ya KCMC kule Moshi, hivyo usikate tamaa ukiambiwa usubiri. Na wewe mwingine unayesoma hapa, kama hali hii imekuanza ukubwani, au upande mmoja wa mwili umelegea ghafla, usisubiri kesho. Nenda hospitali sasa hivi.

Mumeo msomee haya yote. Halafu mwombe jambo moja tu: asubuhi, unapomfunga mtoto vifungo vya sare, asisimame mlangoni na funguo mkononi akikuita.

Shangazi