Elfu nne kwa siku, watu wawili: hivi ndivyo tunavyokula

Naanza na hesabu kabisa manake najua ndiyo mnayoitaka. Tuko wawili, mimi na mdogo wangu wa kiume anayesoma ufundi, tumepanga Mbagala, na hela ya chakula ni shilingi 4,000 kwa siku, yaani 28,000 kwa wiki, ikiisha imeisha. Gesi siihesabu humu wala nauli, hiyo ni hela ya kuingia tumboni tu. Tumeanza mwaka jana kazini walipotupunguzia siku, tulikuwa tunaingia siku sita zikawa nne na mshahara nao ukashuka, na miezi miwili ya mwanzo nawaambia ukweli tulipigika. Tena siyo kwamba hela ilikuwa ndogo kiasi hicho, ni vile nilivyokuwa naitumia.

Nilikuwa nafanya kama kila mtu mtaani kwetu anavyofanya, natoka kazini napita gengeni, nyanya za 500, kitunguu cha 200, kwa mangi mwenye duka mafuta ya kupima ya 500, unga nusu kilo, mchicha, nikifika nyumbani saa moja na nusu nimechoka hata jiko sitaki kuliona, dogo ananiangalia tu, basi natuma chips yai 3,000 tunagawana sahani moja, na zile nyanya zinalala. Kesho hivyo hivyo. Alhamisi niko kwenye daftari la mangi. Na deni la mangi mnalijua, halina riba ila likishaanza unakuwa huwezi kwenda kununua kwingine kwa bei nafuu, unaona aibu kupita mbele ya duka lake na mfuko.

Kilichonishtua ni mafuta. Siku moja nikachukua chupa ya maji ya nusu lita, kila nikinunua kipimo cha 500 namimina humo bila kupikia na kuweka alama kwa peni. Vipimo vitano, 2,500 hiyo, na chupa haikujaa, ilibaki kama vidole viwili. Wakati nusu lita nzima pale pale dukani kwake ni 2,500! Na mimi kwa wiki nilikuwa nanunua vipimo saba. Simlaumu mangi jamani, naye anatafuta, ila nikasema kumbe mtu mwenye hela kidogo ndiye anayenunua kwa bei kubwa kuliko wote.

Sasa hivi naenda soko la Temeke Stereo Jumamosi asubuhi na hela yote ya wiki. Bei zangu za mwezi huu (kwenu zinaweza kuwa tofauti, msinijie juu): unga wa dona kilo 4 ni 6,400, mchele kilo moja na nusu 3,900, maharage kilo moja 3,000, dagaa wa Mwanza robo 2,500, mafuta nusu lita 2,500, nyanya za 2,000, vitunguu vya 1,000, karanga robo 1,000, viazi vitamu fungu la 1,000, sukari robo 800, mayai manne 1,400, ndimu na chumvi 500. Hapo natenga 1,800 ya mboga za majani, hizo nanunua mtaani fungu 300 kwa siku sita manake mchicha wa Jumamosi haufiki Jumanne. Jumla 27,800. Inabaki 200, na hiyo 200 ina kelele nyumbani kwetu kuliko hizo nyingine zote.

Dona. Najua watu wanaona dona ni chakula cha shule ya bweni, hata dogo aligoma wiki ya kwanza eti ugali una rangi ya udongo. Ila sembe imekobolewa, ile pumba na kiini vimetolewa, sehemu kubwa iliyobaki ni wanga, ndiyo maana unakula sembe saa saba saa kumi una njaa tena. Dona inakaa tumboni. Shida yake moja, kile kiini kina mafuta kwa hiyo unga hauvumilii, ukikaa sana unakuwa mchungu, hasa joto letu hili la Dar. Ndiyo sababu sinunui mfuko wa kilo 25 hata kama ni nafuu, nanunua wa wiki, na naunusa kwanza kabla hajanipimia. Muuzaji akikasirika ukinusa unga wake, hama.

Maharage ndiyo yamenifundisha kwa viboko. Kuna wiki nilipata ya bei ya chini sana, sado nzima karibu nusu ya bei ya kawaida, nikajiona mjanja. Nikabandika saa kumi na mbili jioni. Saa mbili magumu. Saa tatu magumu. Saa nne dogo kalala na uji, mimi nimekaa nachochea mkaa (gesi nilishaogopa nikazima), yanaelea tu humo kama kokoto, maganda yamechubuka na ndani bado yanalia ukiuma. Yalikuwa ya zamani, yamekaa stoo misimu sijui mingapi, na maharage yakizeeka hayaivi hata uombe. Mkaa niliochoma ulizidi hela niliyookoa. Sasa naangalia ngozi, yanayong'aa na hayana mikunjo ndiyo mapya, na namuuliza anayeuza ni ya msimu gani, nikiona anababaika naacha.

Usiku naloweka, asubuhi namwaga yale maji naweka mapya, nachemsha yanatokota sana kama dakika 40, halafu natoa sufuria jikoni na mfuniko wake nalifunga na khanga mbili na blanketi zito nalitia kwenye beseni. Naenda zangu kazini. Nikirudi bado lina moto na maharage yameiva mpaka yamepasuka, nayachemsha tena vizuri dakika kumi naunga. Mwanzoni jirani yangu alicheka sana kuniona nalaza sufuria kama mtoto, siku hizi na yeye analaza. Msiruke ile kuchemsha ya mwanzo lakini, maharage yasiyochemka sawasawa yanaumiza tumbo, hasa yale mekundu makubwa, blanketi peke yake haliwezi kazi hiyo.

Kilo moja naipika mara mbili, nusu nusu. Friji sina, kwa hiyo maharage yanakaa siku mbili tu, na kila asubuhi na jioni lazima yachemke hata kama hatuyali. Niliwahi kusahau asubuhi moja, jioni nafunua naona povu na harufu ya uchachu, nikamwaga huku machozi yananilenga.

Kitoweo ni dagaa. Nusu kilo ya nyama kwetu ni 5,000 mpaka 6,000, mnaila siku moja imeisha, robo ya dagaa inatupeleka milo mitatu minne na unakula na mifupa yake, ndiyo chokaa ya mifupa hiyo, maziwa hatununui. Watu wengi wanaosema dagaa wananuka au wana mchanga hawajui tu kuwaandaa. Mimi natoa vichwa mmoja mmoja (ni uvivu, naomba dogo afanye akiwa anaangalia mpira kwenye simu), nawamwagia maji ya moto, nawapikicha kidogo, namwaga, narudia mpaka chini ya bakuli hamna kitu kinachokwaruza ukipitisha kidole. Nawachuja, nawakaanga kwenye sufuria kavu bila mafuta mpaka wanaanza kulia wakigongana, hapo ndiyo naweka mafuta kijiko, kitunguu, nyanya, mwisho kamua ndimu. Karanga ukisaga ukatia humo unakula ugali mpaka unajishangaa.

Ndimu siyo mbwembwe. Madini ya chuma ya kwenye mchicha na maharage mwili unayachukua kidogo sana yenyewe, ukiweka kitu chenye vitamini C kama ndimu unayachukua zaidi, na chai ya rangi ukinywa papo hapo na chakula inayazuia. Niliwahi kuambiwa damu iko chini na nesi mmoja mama mtu mzima akaniuliza, mwanangu chai unakunywa saa ngapi? Nikasema na chakula mama. Akatikisa kichwa. Sasa chai kwetu ni saa nne au usiku kabisa, chakula tunashushia maji.

Mboga za majani nenda jioni lakini usiende na njaa, hiyo ndiyo siri yangu. Saa kumi na mbili mama wa mboga anataka kumaliza, unamsalimia kwa adabu, shikamoo mama, unachukua fungu lako la 300 na unasema niongezee basi mama, anakuongezea la pili au majani ya maboga yaliyoanza kulala. Ila ukipita na njaa utanyooka kwenye harufu ya mishikaki, najijua. Kwa hiyo kwenye mkoba nabeba kiazi kitamu cha kuchemsha, nakila nikiwa kwenye daladala, nikishuka Rangi Tatu nina akili zangu.

Na tembele msitupe vijiti vyake! Ukishachuma majani, kile kijiti chukua chenye vifundo vitatu vinne, choma kwenye kiroba cha udongo vifundo viwili viwe chini, mwagilia maji ya kuoshea mchele. Mimi nina viroba vinne nyuma karibu na bafu, mwenye nyumba alinuna kidogo nikampelekea fungu la kwanza yakaisha. Baada ya kama mwezi unachuma, na yanarudi. Ndiyo maana hiyo 1,800 ya mboga siku hizi mara nyingi haiishi yote.

Karanga hapa sina utani. Zile zilizokunjamana, zenye ukungu, au ukitafuna moja unaikuta chungu, usinunue hata wakupe bure, hizo zinaweza kuwa na sumukuvu, sumu ya ukungu, na kukaanga hakuiondoi yote. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu walikufa kwa kula mahindi yenye sumu hiyo hiyo. Kwa hiyo robo yangu ya karanga naichambua kwenye sinia juani, punje kwa punje, na mbovu natupa, kuku wa watu siwapi.

Nyanya za wiki bila friji, nazo zilikuwa zinaniozea. Sasa zile ngumu nazipanga chini ya dirisha kikonyo kikiangalia chini zisigusane, zilizoiva zote nazisaga Jumamosi hiyo hiyo nazipika na chumvi na mafuta kidogo mpaka maji yakauke kabisa, natia kwenye kikopo kilichochemshwa, ni za kutumia Jumapili mpaka Jumatatu. Mvua zikikolea na nyanya zikipanda nanunua nusu yake na kutia ukwaju au embe bichi kwenye mchuzi. Hakuna aliyewahi kulalamika.

Asubuhi ni uji wa dona na karanga za kusaga, au kiazi. Mchana nabeba kontena langu, wali maharage au ugali wa jana nimeukata vipande nikaukaanga na kitunguu, dogo naye anabeba lake, mwanzo aliona haya wenzake wakienda kwa mama ntilie, sasa wanaomba kuonja. Usiku ugali na kinachoendelea. Jumapili mayai manne kwenye mchuzi wa nyanya na wali. Mwisho wa mwezi ikibaki kitu nachukua miguu ya kuku au utumbo, nautokosa sana na tangawizi, hiyo ndiyo sikukuu.

Kuna vitu nilijaribu vikashindikana. Kuacha kunywa uji asubuhi ili kuokoa hela, nikaishia kununua maandazi manne saa tano. Kuchangiana na majirani watatu gunia la mchele, lilikuwa zuri mpaka kwenye kugawana, nusu mtaa ulinuniana kwa ajili ya kibaba kimoja, siku hizi tunachangiana vitunguu tu na tunapima kwa mizani ya duka. Na ile ya kugawa hela kwenye bahasha saba kila siku 4,000 yake ilinirudisha kule kule kwa mangi kupima mafuta, kwa hiyo hapana, hela ya wiki itoke siku moja asubuhi umeshakunywa uji.

Sasa kuhusu ile 200. Dogo anataka iwe yake, barafu ya ukwaju kila Jumamosi. Mimi nilitaka tuiweke kwenye kibubu. Tulibishana wiki mbili, mwisho nikakubali wiki moja barafu wiki moja kibubu, na juzi nimetikisa kibubu nasikia kinalia kidogo kuliko hesabu yangu, namuuliza ananiambia dada si unajua vitu vimepanda.