Kasuku au shuga glaida kwa nyumba ya Lamu

Dada yangu, umeuliza kama mwanao afugiwe kasuku au shuga glaida, yule mnyama mdogo wa Australia anayeelea hewani kwa ngozi ya ubavuni. Shuga glaida huamka usiku, wakati mtoto amelala, hudhoofika akifugwa peke yake, na akilishwa matunda matupu bila kalsiamu ya kutosha miguu yake ya nyuma huweza kupooza. Mimi nisingemchukua.

Kasuku huamka mchana, na kwa kuwa bibi yake mtoto hushinda nyumbani, hatakosa mwenziwe. Hata hivyo, kasuku wa kijivu huweza kuishi miaka 40 na zaidi, akiachwa mpweke hujinyonyoa manyoya, na mapafu yake ni dhaifu mno mbele ya moshi, kwa hiyo udi na ubani, ambavyo najua nyumba zetu hazivikosi, vifukizwe mbali naye kabisa. Parachichi ni sumu kwake. Tangu 2017 CITES, mkataba wa mataifa kuhusu biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, umezuia biashara ya kimataifa ya kasuku hawa wa porini. Tafadhali usinunue ndege asiye na karatasi, na uwaulize KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, kuhusu kibali kabla hujatoa hata shilingi.