Wageni wa misheni kutoka Marekani wakija usharikani: ratiba iandikwe na wenyeji

Shalom mkuu. Umesema kanisa rafiki la Minnesota linaleta kundi la vijana na watu wazima usharikani kwenu Njombe, wiki mbili mwezi wa saba, kwa kile wanachokiita safari ya misheni. Wameandika kuuliza wafanye kazi gani wakifika, na baraza la wazee limebaki kutazamana. Kwa miaka mingi nimekuwa mkalimani na mratibu wa wageni wa aina hii Iringa na Mufindi, kwenye sharika za KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania), kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona.

La kwanza na kubwa kuliko yote: jibuni ninyi wenyewe swali lao, kwa maandishi, kabla tiketi hazijakatwa. Mkiwaachia wapange wao, watapanga kile wanachokijua, yaani kupaka rangi madarasa, kuchezesha watoto, kugawa miwani. Hawana nia mbaya hata kidogo. Hawakijui kijiji chenu, basi. Na sisi tumelelewa kutomkatalia mgeni, hivyo mwenyekiti atashukuru hata kwa jambo ambalo hakuna aliyeliomba, wageni watarudi kwao wakiamini wamesaidia, na zahanati itabaki bila maji kama ilivyokuwa.

Mfano ninaoupenda ni wa usharika mmoja Mufindi. Wageni walikuwa wameshaandika kwamba watapaka rangi shule ya msingi. Mwinjilisti wa pale, mtu mpole sana, alikaa na wazee jioni moja wakaandika barua ya ukurasa mmoja: shule imepakwa rangi juzi tu, shida yetu ni zahanati, akina mama wanaokuja kujifungua wanabebewa maji ndoo kutoka bondeni. Chini yake wakaweka bei za duka la vifaa vya ujenzi pale Mafinga: simtanki la lita 5,000, mifereji ya bati, saruji, nondo, na ujira wa fundi. Wageni walibadilisha mpango wote bila kinyongo, na kiongozi wao aliniambia ile ndiyo barua ya kwanza iliyowaeleza kitu cha kweli. Kazi ikasimamiwa na fundi wa kijiji na akalipwa ujira wake kamili. Vijana wa Kimarekani walibeba mawe ya msingi wa tanki pamoja na watoto wa kipaimara, fundi akiwaelekeza nani aweke wapi. Mvua za Novemba zilipoanza, tanki lilijaa.

Angalia kwamba fundi hakunyang'anywa kazi. Hilo lishikeni. Kijana wa chuo aliyetoka Minnesota hajawahi kujenga tofali la kuchoma, na kijijini kwenu wapo watu wanaoishi kwa kazi hiyo. Mgeni awe kibarua wa fundi, fundi abaki kuwa fundi.

Sasa karatasi, maana hapa ndipo safari nyingi hukwama. Raia wa Marekani hulipia dola 100 kwa viza ya matembezi, na wengi huja nayo wakidhani inatosha kwa kila kitu. Viza hiyo haikutolewa kwa ajili ya kazi, hata kazi ya kujitolea bila malipo. Mtu wa dayosisi aende Uhamiaji mapema na ratiba mkononi, aeleze wageni watafanya nini hasa, aulize kibali kinachowahusu. Wakiwa wanakuja kusali, kutembelea familia na kuona miradi ni suala moja; wakija kufundisha darasani au kutibu ni suala lingine kabisa. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano itaulizwa kwa anayetoka nchi yenye ugonjwa huo au aliyekaa transiti huko zaidi ya saa 12, na wengi wao hupitia Addis Ababa au Nairobi, kwa hiyo waangalie tiketi zao. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, waambiwe wasije nayo. Siku ya kuwasili, mtendaji wa kijiji na mwenyekiti wapewe majina yote. Msisubiri watu waanze kuuliza wale wazungu ni akina nani.

Kama kuna madaktari au wauguzi kati yao, hapo naomba msome taratibu. Daktari wa nje hawezi kumgusa mgonjwa hapa bila usajili wa muda wa Baraza la Madaktari Tanganyika, na muuguzi ana baraza lake la Uuguzi na Ukunga. Dawa zinazoingia nchini zinahitaji kibali cha TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, hata kama zimebebwa kwenye begi la nguo kwa moyo mweupe. Shirika la Afya Duniani nalo linaelekeza kwamba dawa za msaada zikifika ziwe zimebakiwa na angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda wake. Nimeona maboksi ambayo hayakukaribia hata nusu ya hapo.

Lakini hata karatasi zikiwa safi, swali la maana ni nani atabaki na mgonjwa. Niliwahi kutafsiri kwenye kambi ya matibabu ya siku mbili chini ya mti wa shule. Mzee mmoja alipimwa presha, ikawa juu mno, akapewa vidonge vya mwezi mzima ndani ya kichupa chenye maandishi ya Kiingereza. Alifurahi mno, akamshika daktari mikono yote miwili. Miezi kadhaa baadaye nilipita kijiji kile nikakuta vidonge vimekwisha, amekaa hivyohivyo, kichupa amekihifadhi kabatini kama kumbukumbu. Hakikuandikwa chochote kwenye rejesta ya zahanati, wala mganga mfawidhi, yaani msimamizi wa zahanati, hakujua mtu huyo ana presha, na zahanati iko mwendo wa dakika chache kutoka kwake. Jambo hili linaniuma mpaka leo, maana presha ni ugonjwa wa maisha na yule mzee alifikiri ametibiwa.

Kwa hiyo sharti langu ni hili: mtaalamu wa afya anayekuja akae ndani ya zahanati au kituo chenu cha afya, chini ya mganga mfawidhi, kwa ruhusa ya mganga mkuu wa wilaya. Kila mgonjwa aandikwe kwenye rejesta na kwenye daftari lake. Dawa zinunuliwe hapahapa nchini, zile zile ambazo mgonjwa atazipata tena mwezi ujao. Na kama mgeni ni bingwa wa jambo fulani, awafundishe watumishi wetu, kwa sababu wao ndio watakaokuwepo mwezi wa nane.

Kuhusu watoto nitasema kwa ufupi. Msiwapeleke wageni kwenye kituo cha watoto wakabebe watoto kwa wiki moja kisha watoweke. Mtoto aliyekwisha kuachwa mara moja anaachwa tena. Picha zipigwe kwa idhini ya mzazi au mlezi, na hili liandikwe kwenye ratiba waliyotumiwa, si kutamkwa uwanja wa ndege.

Jumapili ndiyo siku nzuri kuliko zote, nayo ina mtego wake ambao ni mnada. Unajua baada ya ibada mazao ya sadaka yanavyonadiwa nje ya kanisa: jogoo, trei ya mayai, mkungu wa ndizi, debe la viazi. Siku moja mgeni aliyefurahi alipandisha jogoo mpaka laki moja. Watu wakapiga vigelegele, mtunza hazina akatabasamu. Nyuma yangu alisimama bibi mmoja aliyekuja na elfu tano kwenye kona ya khanga, kila Jumapili hununua kitu hata kama ni fungu la mboga. Siku hiyo hakununua chochote. Kila kitu kilipaa. Sadaka ya siku hiyo ilikuwa kubwa, ila washarika waligeuka watazamaji kwenye mnada wao. Tangu wakati ule huwa nawaeleza wageni kabla ya ibada: pandisheni bei kama majirani wanavyopandisha, na mkishinda mnada wa jogoo mrudisheni kwa bibi fulani au mjane fulani, ndivyo nasi tufanyavyo. Wakielezwa mapema wanaelewa na wanafurahia zaidi, kwa sababu wanakuwa ndani ya jambo.

Fedha. Zote zipitie akaunti ya usharika au dayosisi, ziandikiwe stakabadhi, na taarifa ya matumizi isomwe mbele ya washarika siku ambayo wageni wapo na siku ambayo hawapo. Mgeni asimpe mtu pesa mkononi. Kijana mmoja akipewa ada ya shule pembeni, wiki ijayo simu ya yule mgeni itajaa ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa watu asiowafahamu, naye atachoka na kukata mawasiliano na usharika mzima. Anayeguswa na mtoto fulani achangie mfuko wa elimu, kamati ndiyo ichague kwa vigezo vinavyojulikana. Halafu mkalimani asitoke kwenye kamati inayopokea fedha. Wageni wanahitaji mtu atakayewafikishia maneno ya kila mmoja, pamoja na ya asiyekubaliana na mwenyekiti.

Chakula na malazi visiwatishe. Akina mama wasilazimike kukopa ili wapike kuku na pilau kila siku. Ugali, maharage, mboga za maboga, viazi vyetu na parachichi vinawatosha, na kundi lilipie bajeti ya chakula kabla ya kufika. Maji ya kunywa yachemshwe. Waambieni kabisa waje na masweta, kwa maana hawaamini kwamba Njombe mwezi wa saba mtu anaota moto. Kutoka Dar es Salaam msiwasafirishe kwa mkupuo. Ni kama kilomita 700, mnapita katikati ya hifadhi ya Mikumi na kupanda Kitonga, na barabara ile si ya kuendesha usiku. Walale Morogoro au Iringa.

Jambo la mwisho, muulizane tangu sasa nini kitaendelea wakiondoka. Dayosisi ya Iringa na Sinodi ya Saint Paul ya Minnesota (sinodi kule ni kama dayosisi huku) wana uhusiano wao wa Bega kwa Bega, ambamo usharika wa huku unaunganishwa na usharika wa kule, wanaombeana na kuandikiana miaka nenda miaka rudi. Ziara ndani ya uhusiano wa hivyo ina uzito tofauti, kwa sababu anayekuja anajua jina la mchungaji wako na anajua mwaka jana mahindi yaliungua na jua. Waombeni na wao wawaalike. Viza ya Marekani ni ngumu na ada ya maombi hairudishwi, lakini niliona mama mmoja wa kikundi cha wanawake alivyosimama kwenye kanisa la kule akawaombea wagonjwa wao, na wale watu wakalia. Wanahitaji kuombewa kama sisi.

Anzeni na barua ya ukurasa mmoja wiki hii, kisha Uhamiaji. Ukikwama kwenye barua weka rasimu yenu hapa bila majina, nitaipitia.