Meli za Marekani kukamata boti za dawa za kulevya ndani ya maji ya Jamaika

Kuna wanaodhani meli za Marekani huingia humo zitakavyo. Hapana, haziingii tu kama shamba la bibi. Mkataba wa Jamaika na Marekani wa 1997, ulivyosainiwa, ulitaka kibali cha serikali ya Jamaika kwa kila tukio. Trinidad na Tobago walisaini wa kwao 1996 na kuacha mlango wazi zaidi; Jamaika na Barbados waligoma kwanza, ndiyo maana wakapata masharti makali. Njia nyingine ni ofisa wa nchi husika kupanda meli ya Wamarekani, na kwenye maji ya kwao yeye ndiye mwenye mamlaka ya kukamata. Niliisoma hii chuoni, sheria za bahari. Bahari kuu, yaani nje ya maji ya nchi yoyote, ni habari nyingine: huko inaombwa ruhusa ya nchi ambayo boti inapeperusha bendera yake, na boti isiyo na bendera inapandwa tu.