Manukuu hayatokei kwenye video ya tovuti

Ndugu, umesema faili la SRT (muundo wa kawaida wa manukuu) ulilibadilisha jina tu likawa .vtt (WebVTT, muundo wa manukuu unaosomwa na vivinjari), na sasa viziwi hawaoni manukuu kwenye video zenu za mafunzo. Jina peke yake halitoshi. Mstari wa kwanza uwe WEBVTT, ruka mstari mmoja, kisha kila mkato kwenye muda uwe nukta: 00:00:04.500, si 00:00:04,500. Hifadhi kwa UTF-8, usimbaji wa herufi. Kwenye tagi ya track, ile ya HTML inayounganisha faili la manukuu na video, weka kind="captions" (manukuu) na srclang="sw" (Kiswahili).

Andika pia sauti zenye maana, kama [mlango unagongwa], wengi husahau.

Kwa wasioona, manukuu hayasaidii kitu: msemaji ataje kilichoandikwa ubaoni, asiseme "kama mnavyoona hapa". Video isijianzishe yenyewe, sauti yake itagongana na programu ya kusoma skrini. Lugha ya alama mwachieni mkalimani aliyeisomea.